Barua ya IRS kuhusu hela za biashara yako: ujibu mwenyewe, umlipe mtu, au umwachie anayetaka fungu?

"Shikamoo kaka. Nimepata barua ya serikali, sijui nicheke au nilie."

Aliyenipigia ni dada mmoja mwenye kampuni ndogo ya kuhudumia wazee majumbani, hapa Ohio. Mezani alikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ikimwarifu kwamba hundi ya marejesho ya kodi ya kampuni yake imerudishwa na posta. Cha pili ni namba ya simu ya jamaa aliyeelekezwa na rafiki, ambaye yuko tayari kumfuatilia hela hizo kwa asilimia 30. Hundi yenyewe ilikuwa ya dola 1,842. Asilimia 30 ya hapo ni dola 552 na senti 60.

"Marahaba. Barua inataka nini kwako?"

Akaisoma tena, taratibu. "Anwani mpya."

Basi. Dola 552 kwa kazi ya kuandika anwani.

Mimi hutunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo za watu wetu huku: madereva wa malori, wasusi, wenye nyumba za kulelea wazee. Simu za aina hii huja kila mwaka na swali huwa lile lile: nijibu mwenyewe, nimlipe mtaalamu, au nimwachie huyu anayetaka fungu? Nami huwa sijibu mpaka nijue karatasi yenyewe inasemaje, na kabla ya hapo, imeingiaje nyumbani.

Ya kweli na ya matapeli

Barua ya kweli ya IRS huletwa na posta ya kawaida, USPS, katika bahasha isiyo na mbwembwe. Kwenye kona ya kulia ya karatasi, juu au chini, kuna namba inayoanza na CP au LTR. Ile ya hundi ya biashara iliyorudi ni CP231. Ndani yake utakuta fomu inayohusika, kwa mfano 941 ya kodi za mishahara, na kipindi chake, tuseme robo ya mwaka iliyoishia Juni 30. Lugha yake ni kavu. Haikupongezi kwa lolote.

Sasa iweke mezani pamoja na ile ambayo IRS yenyewe iliitolea onyo Julai 2023. Hiyo ililetwa na kampuni ya vifurushi, katika bahasha ngumu ya kadibodi, ina kichwa cha barua cha IRS, na inasema inahusu marejesho yako ambayo hujayadai. Kwa mtu ambaye hajawahi kuandikiwa na serikali, kadibodi ndiyo inayoonekana ya maana zaidi. Ukisoma ndani, inataka namba yako ya simu, namba za benki, namba ya Social Security, na picha ya leseni ya udereva inayoonyesha pande zake zote nne, ipigwe mahali penye mwanga mzuri. Leseni ina pande mbili. Hizo mbili zilizobaki labda ni kingo.

Ukiacha kadibodi, kinachozitofautisha ni kile zinachoomba. CP231 inataka kujua hundi ipelekwe wapi. Ya matapeli inataka kila kitu kinachomwezesha mtu mwingine kuwa wewe.

Kuna na mtego wa simu ya mkononi. Wengi wetu tumetoka nchi ambako TRA au KRA kutuma meseji ni jambo la kawaida, kwa hiyo meseji ya kodi haitushtui inavyopaswa. Huku IRS haianzi mazungumzo ya kukuomba taarifa zako kwa meseji, kwa baruapepe wala kwa mitandao ya kijamii. Ukipata meseji yenye kiungo cha "dai marejesho ya biashara yako", ifute uendelee na chai yako.

Ukibaki na shaka, usipige namba iliyoandikwa kwenye barua unayoishuku. Piga laini ya biashara ya IRS, 800-829-4933, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni kwa saa za hapo ulipo. Au fungua akaunti ya biashara kwenye tovuti ya IRS uangalie mwenyewe kama kuna ziada, yaani kodi uliyolipa kupita kiasi.

Wanaotafuta hela zako bila kutumwa

Katikati ya IRS na matapeli kuna kundi la tatu, nalo ndilo linalowachanganya watu: kampuni halali zinazokuandikia kwamba zimegundua hela zako na zitakupatia kwa asilimia fulani. Swali la kuwauliza ni moja: mmejuaje?

Hela ambazo benki, kampuni za bima au waajiri walishindwa kumfikishia mwenyewe huishia kwenye hazina ya jimbo, na majimbo huziorodhesha hadharani. Yeyote anaweza kutafuta jina lako kwenye MissingMoney.com au tovuti ya jimbo, bure, na hapo ndipo kampuni hizi zinapovua. Kudai pia ni bure. Ukiamua kumlipa mtu, ujue kwamba baadhi ya majimbo yamemwekea mipaka. California, kwa mfano, hawezi kukutoza zaidi ya asilimia 10.

IRS ni habari nyingine kabisa. Taarifa za mlipakodi ni siri kwa sheria, kifungu cha 6103 cha sheria ya kodi, na hakuna orodha ya hadharani ya biashara ambazo hundi zao za shirikisho zimerudi. Kwa hiyo mtu usiyemjua akikuambia anajua IRS ina hela ya kampuni yako, ama anabahatisha, ama anaongelea hela za jimbo huku akitamka jina la IRS, ama kuna mtu kamvujishia. Hakuna hata moja kati ya hayo inayostahili asilimia 30.

Barua inasema nini hasa

Tuseme barua ni ya kweli. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanaanza kuchagua nani ajibu kabla hawajajua swali.

Aina ya kwanza ndiyo ya yule dada: hundi ilitoka, ikarudi, wanataka anwani. Hakuna mgogoro, hakuna hesabu.

Aina ya pili ni pale IRS inapoona malipo yameingia lakini ritani ya kipindi hicho haipo. Hela ipo, ila haina jina mpaka ujaze fomu. Hapo kutuma anwani hakusaidii chochote. Unatakiwa kuwasilisha ritani, na saa inatembea.

Aina ya tatu nitaisimulia, maana niliiona kwa macho. Bwana mmoja mwenye wafanyakazi sita alilipa kodi ya mishahara ya robo ya pili, lakini kwenye mfumo wa malipo wa EFTPS alichagua robo ya kwanza. Miezi kadhaa baadaye zikaja barua mbili ndani ya wiki moja. Moja ilisema robo ya kwanza ana ziada. Nyingine ilisema robo ya pili anadaiwa, pamoja na faini na riba. Ile ya kwanza aliibandika kwenye friji. Ya pili niliikuta chini ya menyu za pizza, haijafunguliwa.

Barua hizo ni pacha. Ziada na deni ni hela ile ile imekaa kwenye droo isiyo yake. Angeomba arudishiwe ziada angekuwa anajichimbia shimo. Alichohitaji ni kuwaomba wahamishe malipo yaende robo ya pili, kisha aombe kusamehewa faini. IRS ina msamaha wa mara ya kwanza kwa ambaye miaka 3 iliyotangulia alikuwa safi. Ndiyo maana kila anayeniletea barua ya furaha humwambia aende akatafute na ile nyingine.

Simu au posta

Kwa aina ya kwanza, jibu mwenyewe. Kilichobaki ni kuchagua kati ya simu na bahasha.

Simu ina faida ambayo karatasi haina: unaweza kuuliza. Unajua ni kipindi gani, kiasi gani, hundi ilitoka lini, na kama kuna deni lingine linaloisubiri. Ubaya wake ni kusubiri. Asubuhi ya katikati ya wiki huwa afadhali kuliko Jumatatu. Kaa na barua yenyewe, namba ya EIN (ile inayoitambulisha biashara yako kwa IRS), nakala ya ritani ya mwisho, na anwani ya zamani kama ilivyoandikwa kwenye ritani ile, maana watakuhoji kwanza kuhakikisha wewe ndiye. Kama Kiingereza cha simu kinakutoa jasho, omba mkalimani. IRS ina ukalimani wa simu kwa lugha zaidi ya 350 na hulipi kitu. Usimpe mtoto wa miaka 14 aongee kwa niaba yako. Nimelishuhudia hilo pia, mtoto akatafsiri "ziada" kuwa "deni", na baba akakata simu kwa hofu.

Posta ni ya polepole lakini inaacha ushahidi. Unajaza fomu 8822-B, ya kubadili anwani ya biashara, unaweka saini, unaipeleka kwa barua ya kusajiliwa na kubaki na risiti. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kuingia kwenye kumbukumbu zao.

Kuna hali moja ambapo posta haina mpinzani, nayo inawapata watu wetu sana kwa sababu tunafungua kampuni wawili wawili kisha tunaachana. Kila EIN ina mtu mmoja aliyeandikishwa kuwa mhusika mkuu. Kama aliyeandikishwa ni mwenzako aliyerudi Nairobi miaka miwili iliyopita, unaweza kupiga simu ukasubiri nusu saa na mwisho ukaambiwa kwa adabu kwamba hawawezi kuongea nawe. Hiyo 8822-B ndiyo fomu ya kubadilisha mhusika pia, na ilitakiwa ipelekwe ndani ya siku 60 tangu mabadiliko. Umechelewa? Ipeleke hivyo hivyo.

Dada yetu alifanya yote mawili. Alipiga simu akapata maelezo, halafu akapeleka fomu, kwa sababu ofisi ilikuwa imehama moja kwa moja na barua nyingine zingeendelea kwenda kule kule.

Mtaalamu au mtu wa asilimia

Aina ya pili na ya tatu ndizo zinazostahili kulipiwa. Ritani za robo nne hazikujazwa, malipo yamekaa vipindi tofauti, faini zimepandana. Hapo mtu anayejua kazi atakuokolea zaidi ya anachokutoza. Tafuta mhasibu mwenye CPA au wakala aliyethibitishwa na IRS, wale wanaoandika EA baada ya jina. IRS ina orodha yao mtandaoni. Tafuta jina kabla hujatoa hata senti. Ada iwe ya saa au ya kazi nzima, na iandikwe.

Utaombwa saini kwenye mojawapo ya fomu mbili, nazo usizichanganye. Fomu 8821 inamruhusu kuona taarifa zako tu. Fomu 2848 inamfanya mwakilishi wako: anaongea, anajibu, anatia saini mambo fulani. Kama unataka tu akuangalizie kuna nini, 8821 inatosha, na mtu mwaminifu hatakusukuma utoe zaidi.

Lakini hata mwenye 2848 haruhusiwi kuidhinisha wala kuweka benki hundi yako ya marejesho. Ni marufuku kwenye kanuni zinazowaongoza wataalamu wanaowakilisha watu mbele ya IRS. Kwa hiyo ukisikia "hundi itakuja kwangu kwanza, nitakata changu nikupe chako", umeshapata jibu. Kabla ya kutia saini 8822-B iliyojazwa na mtu mwingine, soma mstari wa anwani mpya kwa kidole. Ni anwani yako au yake?

Watu wa asilimia wana hoja yao: hulipi mpaka upate. Inasikika vizuri. Kasoro yake ni kwamba asilimia haijali ugumu wa kazi. Anwani ya dakika kumi na mgogoro wa miezi minane vinatozwa sawasawa. Tena inampa mtu sababu ya kukuza dai. Wafanyabiashara wengi wa huku wanakumbuka nafuu ya kodi ya kipindi cha korona kwa waajiri waliobakiza wafanyakazi, iliyoweza kufika dola 26,000 kwa mfanyakazi mmoja. Mawakala wa asilimia walisukuma madai mpaka IRS ikasimamisha kushughulikia madai mapya Septemba 14, 2023. Dai likikataliwa baada ya hela kulipwa, anayedaiwa kuirudisha ni mwenye biashara, yote, pamoja na lile fungu alilokwisha kumpa wakala.

Kama umejibu na mambo yamekwama huku biashara inaumia, kuna ofisi ndani ya IRS yenyewe ya kumtetea mlipakodi, Taxpayer Advocate Service, namba 877-777-4778. Haina malipo. Nashangaa ni wachache wanaoijua.

Je, nikinyamaza?

Inategemea tena aina ya barua. Hundi ya hazina ya Marekani ina uhai wa mwaka 1 tangu siku ilipoandikwa. Ikipita hapo benki haiipokei, ila haki yako haifi na unaweza kuomba nyingine. Dai ambalo halijawasilishwa ndilo linalokufa. Kanuni ya jumla ni miaka 3 tangu ritani ilipowasilishwa au miaka 2 tangu kodi ilipolipwa, inayochelewa kati ya hizo. Kwa fomu 941 zilizowasilishwa kwa wakati, sheria huzihesabu robo zote za mwaka kana kwamba ziliwasilishwa Aprili 15 ya mwaka unaofuata. Maana yake robo zote za 2023 zina mlango mmoja wa kufungwa: Aprili 15, 2027.

Wenye malori wana yao peke yao, na barua haiji kabisa. Umelipa dola 550 za fomu 2290, kodi ya malori mazito ya barabarani, kwa lori la zaidi ya pauni 75,000, mwaka wa kodi unaoanza Julai 1, halafu ukaliuza Novemba. Miezi saba iliyobaki, Desemba hadi Juni, ni yako: dola 320 na senti 83. IRS haijui kwamba umeuza, kwa hiyo haitakuandikia. Unaidai kwa fomu 8849, jedwali la 6, au unaikata kwenye 2290 ya lori jingine. Lori lililotembea maili 5,000 au pungufu nalo lina marejesho, ila unasubiri mwaka ule wa kodi uishe kwanza.

Hundi mkononi au isogezwe mbele

Kama ziada inatokana na ritani unayoijaza sasa, fomu 941 inakuuliza kwenye mstari wa 15: itumike kwenye ritani ijayo, au urudishiwe? Mwenye wafanyakazi ambao atawalipa robo ijayo hana sababu kubwa ya kutaka hundi. Isogeze, inakupunguzia malipo yajayo, na hakuna karatasi ya kupotea njiani. Biashara ikifungwa, au ukiacha kuajiri, chukua hela. Ila ukumbuke kwamba kama unadaiwa kodi nyingine wataanza kujilipa hapo, na utapata kilichobaki.

Kuhusu hundi zenyewe: tangu Septemba 30, 2025 serikali ya shirikisho inaziondoa hundi za karatasi, kufuatia agizo la rais la Machi mwaka huo. Kampuni inayojaza fomu 1120, ritani ya kodi ya mapato ya kampuni, itoe taarifa zake za benki inapowasilisha. Na jina liwe moja kila mahali. Hundi iliyoandikwa jina la kampuni haiingii kwenye akaunti yako binafsi, na benki nyingine zitakusumbua hata kama neno "LLC" lipo kwenye hundi na halipo kwenye akaunti. Toa ile barua ya zamani ya CP575 iliyokupa EIN ulinganishe herufi kwa herufi. Imepotea? Piga namba ile ile ya biashara, uombe barua ya 147C.

Hundi ya yule dada ilimfikia kwenye ofisi mpya, na kiasi kilikuwa kimezidi kidogo zile 1,842. Akapiga tena, safari hii kwa wasiwasi: wamekosea, nirudishe? Nikamwambia hiyo ni riba, IRS hulipa wakati mwingine marejesho yakichelewa. Ni yake, ila inahesabika kuwa mapato ya mwaka huu.

"Yaani wananilipa halafu wanaikata kodi?"

"Ndiyo, dada. Iandike kwenye daftari kabla hujaisahau."